Kaka mtu kwenye maboksi, mdogo mtu jeshini: nani anapata zaidi Marekani?

Jumapili nyumba za Waswahili wa Marekani zikijaa, ugali mezani, simu ya nyumbani ikiwa hewani, ubishi mmoja lazima ufufuke. Kuna kijana aliyeingia kwa bahati nasibu ya viza, au wa familia ya Kikongo iliyoletwa kutoka kambi ya wakimbizi, na mtu wa kuandikisha jeshi amekwisha kumwona shuleni au dukani. Aende, asiende?

Mmoja atasema: jeshini hulipi kodi ya nyumba, unakula bure, unatibiwa bure, kila senti unaweka. Mwingine, ambaye amebeba maboksi, yaani kazi za kibarua za ughaibuni, miaka kumi na mgongo unamjua, atacheka: askari mpya wa Marekani analipwa chini ya anayeosha wazee! Wote wawili wanasema kweli, na hapo ndipo ubishi unapokosa mwisho. Kila mmoja ameshika kipande chake cha malipo ya askari, na vipande hivyo havifanani na kitu anachokijua mtu wa kazi za uraiani.

Tumchukue huyo wa pili kwanza, maana namba zake ziko wazi. Tangu Aprili 2025, baada ya Bunge kuwaongezea askari wa vyeo vya chini kuliko wenzao, askari wa ngazi ya kwanza kabisa, akishapita miezi minne ya mwanzo, alikuwa na mshahara wa msingi wa dola 2,319 kwa mwezi. Akipanda hadi ngazi ya tatu, dola 2,733. Ngazi ya nne, 3,027. Msaidizi wa wauguzi, ile kazi ya nyumba za wazee ambayo ndugu zetu wengi huanzia, alikuwa na mshahara wa kati wa dola 39,530 kwa mwaka kwa takwimu za serikali za Mei 2024. Hiyo ni karibu dola 3,290 kwa mwezi, dola 19 kwa saa. Dereva wa lori kubwa alikuwa juu zaidi, dola 57,440 kwa mwaka. Ukiishia hapo, jeshi limeshindwa mchana kweupe.

Lakini mshahara wa msingi ni kipande kimoja tu. Fungua hati ya malipo ya askari aliyeoa, utakuta mistari mingine miwili chini yake. Mmoja ni posho ya chakula, ambayo mwaka 2025 ilikuwa dola 465.77 kwa mwezi kwa askari asiye ofisa. Wa pili ni posho ya nyumba, ambayo askari wenyewe huiita BAH kwa herufi zake, na huo ndio mstari unaogeuza hesabu nzima. Posho hizi mbili hazikatwi kodi ya mapato. Hazikatwi hata mchango wa pensheni ya serikali. Dola mia ya posho ni dola mia mfukoni, wakati dola mia ya kaka mtu katika nyumba ya wazee imekwisha kuchanwa kabla hajaiona.

Posho ya nyumba haina kiwango kimoja. Inaangalia mambo matatu: cheo chako, msimbo wa posta wa kambi uliyopangiwa, na kama una familia au huna. Wizara ya Ulinzi hupima kodi za nyumba za eneo hilo kila mwaka pamoja na umeme na maji, kisha inalipa karibu yote, ikimwachia askari kiasi kidogo ambacho ni asilimia 5 ya wastani wa gharama za nyumba kitaifa. Kwa hiyo askari wawili wa cheo kimoja, wenye kazi ileile, mmoja San Diego na mwingine kambi ya vijijini Kansas au Louisiana, wanaweza kupishana kwa zaidi ya dola elfu moja kwa mwezi. Wa San Diego si tajiri. Pesa ile inaingia mlango mmoja na kutokea mwingine, kwa mwenye nyumba.

Angalia hapo kwenye "una familia au huna". Jeshi halihesabu vichwa. Mwenye mke bila mtoto na mwenye mke na watoto sita wanapata posho ileile ya nyumba. Kwa Mmarekani wa kawaida hilo ni jambo dogo. Kwa familia iliyotoka Uvira au Kigoma na safu ya watoto, ni tofauti ya vyumba viwili vya kulala, na hakuna atakayekuambia mpaka umeshahamia. Ndiyo, ukimtunza mama yako kwa zaidi ya nusu ya mahitaji yake unaweza kuomba atambuliwe kuwa tegemezi wako, lakini jiandae kuthibitisha kwa makaratasi. Na ndoa nayo iwe na cheti. Shangazi na mashekhe wote wa mtaa wakishuhudia, bila cheti wewe kwenye kompyuta ya jeshi bado ni mseja.

Mseja ndiye anayetuleta kwenye bweni.

Askari asiye na familia wa vyeo vya chini kwa kawaida hapewi posho ya nyumba. Anapewa chumba ndani ya kambi. Posho ya chakula inaonekana kwenye hati yake, kisha mistari michache chini inakatwa sehemu kubwa kulipia bwalo, ale asile. Akikuta bwalo limefungwa kwa sababu karakana imemchelewesha, ananunua chakula kwa fedha zake, na makato yanabaki palepale. Ukimsikia askari kijana anaunguruma, mara nyingi ni hilo.

Tuwaweke ndugu wawili wa mfano kwenye mizani. Kaka mtu yuko nyumba ya wazee, dola 3,290. Akitoa kodi ya serikali kuu na makato ya pensheni na afya ya uzeeni, anabaki na karibu 2,800, na kodi ya jimbo bado haijaguswa. Tuseme analipa 1,100 kwa chumba na bili, 350 chakula, na kitu kidogo cha bima ya afya ya kazini, ile ambayo ukiumwa kweli inakudai tena fungu la kwanza kutoka mfukoni. Anabaki na 1,200 hivi, na hapo gari halijatiwa mafuta. Mdogo mtu yuko bwenini na 2,319 zake. Baada ya makato ya aina ileile ana karibu 2,000, na hana kodi ya nyumba, hana bili ya maji, na akivunjika jino hospitali haimpi karatasi ya deni. Sasa nani anatuma nyumbani zaidi?

Subiri. Kaka mtu ana silaha ambayo mdogo wake hana: ovataimu. Sheria inataka alipwe mara moja na nusu kwa kila saa inayozidi 40 kwa wiki. Akifanya saa 60, ambazo ni kawaida kabisa kwa watu wetu, zile 20 za ziada zinamletea dola 570 kwa wiki kabla ya kodi. Mwezi mmoja wa kujikaza na amempita mdogo wake mbali. Mdogo mtu akikaa porini wiki tatu kwenye mazoezi, analala chini, anakesha lindoni, anakula chakula cha paketi, mwisho wa mwezi mshahara ni uleule. Jeshi limenunua saa zake zote 24. Ukigawanya mshahara wake kwa saa alizokuwa chini ya amri, unaweza kulia.

Na chumba chenyewe? Mabweni mapya ni mazuri, vyumba viwili vikichangia bafu na jiko dogo, heshima kuliko hosteli nyingi za chuo. Lakini Septemba 2023, GAO, ofisi inayolikagulia Bunge matumizi ya serikali, ilitoa ripoti baada ya kutembelea kambi kumi. Ilikuta ukungu kwenye kuta, maji taka yaliyofurika, kunguni, madirisha mabovu, milango isiyofungika, na watu wasiohusika wakilala kwenye vyumba vitupu. Katika kambi moja wakaguzi waliambiwa kwamba askari wenyewe ndio wanaosafisha chumba baada ya mwenzao kujiua ndani yake. Kaka mtu akikuta kunguni, anamgombeza mwenye nyumba, au anasubiri mkataba wa mwaka uishe anahama. Mdogo mtu anajaza fomu ya ukarabati na kumwambia sajini wake. Jumatatu asubuhi chumba hichohicho kinakaguliwa: kitanda kimetandikwa? Sinki linang'aa?

Haishangazi basi kwamba vijana wa kambini huoa mapema. Cheti cha ndoa kinakutoa bwenini na kukuletea posho ambayo katika miji mingine inakaribia mshahara wenyewe. Makamanda wanalijua, wachungaji wa kambi wanalijua, mawakili wa talaka nje ya lango wanalijua zaidi.

Aliyeoa ana njia mbili. Anaweza kuchukua posho yake akapange mjini. Akipata nyumba ya bei nafuu kuliko posho, chenji ni yake. Au anaweza kuishi nyumba za familia ndani ya kambi, na hapa kuna hadithi ambayo wengi hawaijui: karibu nyumba zote hizo ndani ya Marekani haziendeshwi tena na jeshi. Miaka ya 1990 wizara ilijikuta na nyumba ambazo zaidi ya nusu yake zilikuwa chakavu, na bajeti isiyotosha kuzikarabati. Bunge likapitisha sheria mwaka 1996 ya kuziingiza kampuni binafsi: nyie jengeni na mtunze, mkataba wa miaka 50 hivi, na kodi yenu ni posho za askari.

Wazo halikuwa la kijinga. Nyumba mpya nyingi zilijengwa haraka, na familia nyingi zilizihamia kwa furaha. Kasoro ilikuwa kwenye mwendo wa fedha. Kodi ilikuwa posho nzima, na ilikwenda moja kwa moja kwa kampuni bila kupita mkononi mwa mpangaji. Ukiwa mpangaji usiyeshika fedha, una nini cha kumtishia mwenye nyumba? Tena kwa kuwa posho hufuata cheo, sajini aliyepandishwa leo anaanza kulipa zaidi kwa nyumba ileile, bomba lilelile linalovuja. Mwaka 2018 na 2019 waandishi wa Reuters walianika habari za ukungu, rangi yenye madini ya risasi na rekodi za ukarabati zilizochezewa. Februari 2019 wake wa askari walikaa mbele ya kamati ya Baraza la Seneti wakieleza watoto wao walivyougua. Sheria iliyofuata ilizaa hati ya haki 18 za mpangaji, pamoja na haki ya kuzuia kodi wakati mgogoro unashughulikiwa. Na Desemba 2021, kampuni mojawapo kubwa, Balfour Beatty Communities, ilikiri mahakamani kosa la ulaghai: rekodi zilipikwa ili ionekane ukarabati umefanyika kwa wakati na bonasi ilipwe. Faini na fidia zilifika kiasi cha dola milioni 65.

Hapo sasa ndipo mtu anachanganyikiwa akisoma magazeti. Januari 2025 tume ya kitaalamu inayopitia malipo ya jeshi kila baada ya miaka minne ilisema askari wasio maofisa wanawazidi kipato zaidi ya asilimia 80 ya raia wenye elimu na uzoefu kama wao, na maofisa wanawapita karibu robo tatu ya wenzao. Lakini utafiti wa wizara hiyohiyo kwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba askari 24 kati ya 100 hawakuwa na uhakika wa chakula kwa familia zao. Inawezekanaje mtu awapite wenzake kwa kipato na bado jikoni kukauke?

Inawezekana, kwa sababu wataalamu wanapojumlisha malipo ya askari wanaweka kila kitu kwenye kapu moja: mshahara, posho ya chakula, posho ya nyumba, na faida ya kutokatwa kodi. Bweni nalo linahesabiwa kama fedha, hata kama lina kunguni. Kwenye makaratasi mdogo mtu ana nyumba yenye thamani fulani; mkononi ana funguo ya chumba ambacho hawezi kukipangisha, hawezi kumlaza binamu yake aliyefika jana kutoka Nairobi, wala hawezi kukibadilisha kwa cha bei rahisi ili aweke akiba.

La pili ni mke. Takwimu za raia zina familia za mishahara miwili ndani yake. Jeshi linahamisha familia kila baada ya miaka miwili, mitatu au minne, na kwa miaka mingi tafiti za wizara zimeonyesha ukosefu wa kazi kwa wenzi wa askari ukizunguka asilimia 21 au 22. Huo si uvivu. Dada aliyesomea uuguzi msaidizi akapata leseni Texas, akazoeleka kazini, akapata mtu wa kumwachia mtoto, anaambiwa mwezi wa sita tunakwenda Washington. Anaanza upya: leseni, kazi, foleni ya kituo cha watoto cha kambi, ambacho ni nafuu kuliko vya mjini ukipata nafasi. Sheria ya mwaka 2023 imelegeza habari za leseni, lakini haimletei mwajiri mlangoni. Kaka mtu na mkewe wakipishana zamu, mmoja usiku mmoja mchana, wana mishahara miwili. Mdogo mtu mara nyingi ana mmoja na robo.

La tatu ni ujanja wa vigezo. Familia ya askari inayoishi nje ya kambi ikiomba msaada wa chakula wa serikali, posho ya nyumba inahesabiwa kuwa kipato, hata kama yote imekwenda kwa mwenye nyumba. Unaonekana unazo wakati huna. Ndiyo maana mwaka 2023 jeshi lilianza posho mpya ya mahitaji ya msingi kwa familia za kipato kidogo, na hii, tofauti na ile ya nyumba, inaangalia ukubwa wa familia. Mwenye watoto wengi aiulizie.

Kuna mambo ambayo kaka mtu hawezi kuyafikia hata akifanya ovataimu mpaka alale amesimama. Likizo ya siku 30 kwa mwaka yenye malipo ni moja. Bima ya familia nzima bila ada ya mwezi ni jingine, na yeyote aliyejifungulia Marekani bila bima nzuri atakueleza maana yake. Kubwa kuliko yote kwa watu wetu ni shule: aliyetumikia miaka mitatu kamili anapata miezi 36 ya chuo kikuu cha umma iliyolipiwa ada, pamoja na fedha ya nyumba wakati anasoma. Akitumikia miaka sita na kusaini minne zaidi, anaweza kumwachia mwanawe haki hiyo.

Pensheni isikuzuzue sana. Kwa walioingia tangu 2018, miaka 20 inakupa asilimia 40 ya wastani wa mshahara wako wa juu wa miezi 36, na unaanza kulipwa ukiwa na umri ambao raia bado ana miaka 25 ya kuamka alfajiri. Ila ni mshahara wa msingi unaopigiwa hesabu; posho ya nyumba haimo. Na takribani wanne kati ya watano hawafiki miaka 20. Wanachoondoka nacho ni akaunti ya akiba ambayo jeshi lilikuwa likiichangia hadi asilimia 5.

Halafu uraia. Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa kujiunga kama askari wa kawaida. Uofisa na kazi nyingi zinazogusa siri zinataka raia. Kati ya 2009 na 2016 kulikuwa hata na mpango uliowapokea watu wenye viza za muda kama walijua lugha zilizotakiwa, Kiswahili kikiwamo, na Wakenya wengi waliingilia mlango huo. Umefungwa. Lakini kwa mwenye kadi ya kijani, utumishi bado unafupisha njia: kaka mtu anasubiri miaka mitano na kulipa zaidi ya dola 700 za maombi, mdogo mtu anaweza kuomba mapema zaidi, bila ada. Nimeona watu wakijiunga kwa hilo peke yake, na siwalaumu. Aliye na mke anayesubiri viza Bujumbura anajua miaka minne ina uzito gani.

Ukinibana, nitasema hivi: kijana mseja, Kiingereza chake bado kinayumba, hana cheti cha maana, jeshi linamlipa vizuri kuliko namba zinavyoonyesha. Mtu wa miaka 30 mwenye watoto wanne na mke anayepata dola 25 kwa saa hospitalini, linamlipa vibaya kuliko namba zinavyoonyesha.

Tofauti iliyobaki haiko kwenye hati ya malipo. Kaka mtu akichoka na msimamizi wake anatoa notisi ya wiki mbili, wengine hata hawatoi, na Jumatatu yuko ghala jingine. Mdogo mtu akiacha bila ruhusa ni kosa la jinai, na mkataba wa kwanza wa kila askari, hata unaoitwa wa miaka mitatu, unabeba wajibu wa miaka minane, inayobaki ukiwa askari wa akiba. Karatasi yenyewe inaitwa DD 4. Imeandikwa ndani yake kwamba ahadi yoyote ambayo haimo kwenye fomu wala viambatisho vyake haitatekelezwa: bonasi uliyotajiwa kwenye gari, kambi uliyoambiwa "hiyo usijali", kazi ya hospitali badala ya bunduki. Mdogo mtu aisome pole pole, kaka mtu akiwa kando yake, na aulize kabla ya kalamu kugusa: huko ninakokwenda, nitalala wapi?